Nyumba za Kutegesha

Ukitokea upande wa Serengeti, ukishapita Kenyamonta na kuanza kushuka kuelekea Mto Mara, zamani kilichokukaribisha kwetu kilikuwa vilima vya mawe meusi na moshi wa jioni. Sasa kinachokukaribisha ni mlima uliotengenezwa. Juu umekatwa sawa kama meza, na ubavuni una ngazi pana ambazo malori hupanda na kushuka mchana na usiku. Rangi yake si rangi ya udongo wetu. Ni ya kijivu, kama majivu yaliyomwagiwa maji, kwa sababu mawe yake yametolewa chini sana, mahali ambapo jua halijawahi kufika. Sisi tunauita kifusi tu. Hakuna aliyeupa jina lingine, ingawa kila kichuguu cha kwetu kilikuwa na jina.

Mimi ni mtu wa kuondoka na kurudi. Tangu nilipomaliza kidato cha nne nimebeba mizigo Sirari, nimechunga ng'ombe wa watu Kenyamonta, nimechoma matofali nje ya mji wa Tarime, nimelinda stoo za mahindi za watu nisiowakumbuka sura. Sikai mahali. Lakini kila nilipochoka nilirudi kwetu, kijiji kinachopakana na Nyangoto, na kila niliporudi nilikuwa naukuta mgodi umesogea. Safari moja kifusi kilikuwa bado ng'ambo ya korongo tulilokuwa tukioga. Safari nyingine korongo halikuwepo. Nilikwenda na taulo begani, nikasimama mbele ya ukuta wa mawe, nikarudi nyumbani na taulo langu kavu.

Safari niliyokuta nyumba, nilidhani nimepotea njia. Nilikuwa nimeuacha mji wa marehemu baba ukiwa na nyumba mbili, ya mama na ya kaka yangu mkubwa. Katikati palikuwa na zizi, na nyuma ya zizi shamba la mihogo na ulezi. Sasa palikuwa na nyumba zimejipanga kama mabweni ya shule. Kuta za tofali za saruji, bati zinazong'aa, zote ndogo, zote zimefungwa kwa waya. Nilisimama njiani nikitafuta mtu wa kumuuliza. Aliyetoka nyuma ya nyumba mojawapo alikuwa kuku, akifuatwa na vifaranga.

Kaka alinikuta hapo hapo.

"Mura, mdogo wangu, mbona umesimama kama mgeni? Ingia."

"Niingie ipi?"

Akacheka. "Yoyote. Hakuna mtu."

Kutegesha ni neno letu la huku. Mtu anayemtega kware huweka mtego pale anapojua ndege atapita. Watu wa kwetu walijua mgodi lazima upanuke, na kwamba ukipanuka wathamini watakuja kuhesabu kila kilichomo ndani ya mpaka mpya, ili wenyewe walipwe fidia na kuondoka. Basi watu wakaanza kujenga na kupanda mbele ya mgodi, kama vile kumwekea kware punje. Nyumba ya kutegesha haijengwi ili mtu aishi. Inajengwa ili ihesabiwe. Mchanga mwingi, saruji imenusishwa tu. Ukikwaruza ukuta kwa kucha, unabaki na unga kidoleni. Haina jiko, haina choo. Katikati ya nyumba na nyumba kaka alikuwa amepanda miche ya miti imebanana kama nywele kichwani, kwa sababu nayo ilikuwa inahesabiwa.

Si kaka peke yake. Kila mji ulikuwa hivyo, mpaka barabarani. Kijiji kilikuwa na nyumba nyingi kuliko nilivyowahi kukiona, na watu wachache kuliko nilivyowahi kuwaona. Njia ya ng'ombe kwenda mtoni ilikuwa imejengewa nyumba katikati. Zizi la baba lilikuwa limejaa tofali. Ng'ombe wengine kaka alikuwa amewauza akanunua bati, na waliobaki amewapeleka Kenyamonta kwa jamaa zetu, wakae huko.

"Na wewe unaishi na nini?" nilimuuliza.

"Na subira."

Simlaumu, na hata siku ile sikumlaumu. Kaka yangu alitumia ujana wake kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akishuka kwa kamba na kupanda na mfuko wa mawe mgongoni. Kifua chake kinalia kama mlango mbovu. Magoti yamekwisha. Aliniambia, "Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nashuka chini kuifuata dhahabu. Sasa nimekaa juu. Safari hii inifuate yenyewe."

Mama nilimkuta mlangoni kwake, ameketi kwenye kigoda, anamenya mihogo ya kuanika. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akanyoosha kisu kuelekea nyumba za kaka.

"Umewaona wapangaji wangu?"

"Wapangaji gani, mama?"

"Kuku. Kila mmoja na nyumba yake. Huyu mwekundu ana ya vyumba viwili."

Alicheka peke yake, halafu akaacha. Akanionyesha kwa kidevu nyumba iliyokuwa karibu kabisa na yake, imejibana ubavuni mwa ukuta wake kiasi kwamba mtu mnene asingepita katikati.

"Hiyo je, umeiona ilipokaa?"

Niliiona. Kwa desturi ya ukoo wetu, mzee mwenye mji huzikwa karibu na lango la zizi, na mke huzikwa kando ya nyumba yake mwenyewe, upande wa kushoto wa mlango. Bibi yetu alizikwa hivyo. Mke hachaguliwi mahali. Mahali pake panajulikana tangu siku nyumba yake inapojengwa, na watoto wanakua wakijua pale hapachimbwi shimo la taka. Kaka alikuwa amejenga nyumba ya kutegesha juu ya mahali pa mama.

"Ameniziba," mama alisema.

Jioni ile, tukila ugali wa udaga, unga wa mihogo mikavu, alilisema mbele yetu sote wawili. Alisema anataka mambo mawili. La kwanza, nyumba ile ivunjwe, ili siku yake ikifika awekwe pale pake. La pili, asijengewe. Asiwekewe saruji, wala vigae, wala msalaba wa chuma. Udongo tu.

Kaka aliacha kula. "Mama, mimi nitakuzika bila saruji? Watu watasema nini?"

"Mkinijengea nitaonekana. Nikionekana nitahamishwa."

Nilijua alikotoa maneno hayo. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda kushuhudia kuhamishwa kwa kaburi la shoga yake, mama mmoja wa mji wa jirani ambaye eneo lao lilikuwa limeshachukuliwa. Walichimba asubuhi, mchungaji akiomba, kila kitu kikafanywa kwa heshima. Lakini kilichotoka kilitosha kwenye sanduku dogo. Mama alirudi nyumbani akiwa ananyoosha mikono kuonyesha ukubwa wake. Yule mwanamke alikuwa mrefu, alisema, alikuwa akiingia kwangu anainama, na sasa wamempakia kwenye gari kwenye sanduku kama la redio. Alilirudia jambo hilo kwa wiki nyingi, kwa kila aliyekuja kusalimia.

"Baba yenu mmeshamtia vigae," aliendelea jioni ile. Ilikuwa kweli, kaka alikuwa amelijengea kaburi la baba kwa vigae vyeupe, na lilikuwa ndicho kitu imara kuliko vyote pale mjini. "Huyo atakwenda, nimeshamuaga. Mimi niacheni. Mji hauachwi bila mtu. Nyumba zote hizi na hakuna anayelala humo. Mimi nitalala."

"Mama, kifusi kitakufunika."

"Kaburi ni nini kama si kufunikwa?"

 La kuvunja nyumba kaka alilijibu kesho yake, tukiwa wawili, tukitembea kwenye ile miche. Nyumba ilikuwa na alama ya rangi nyekundu ukutani. Wapima walishapita mara moja, wakaandika namba kwenye kila nyumba na kupiga picha, wakasema wathamini watafuata. Tangu siku hiyo watu waliambiwa wasiongeze wala wasipunguze.

"Nikivunja iliyopigwa picha, watasema nachezea hesabu," alisema. "Wanaweza kuzikataa zote. Unaelewa? Si hii moja. Zote."

"Na mama?"

"Mama mzima wa afya. Wathamini watakuja kabla. Tutahama wote, wazima na wafu. Nitanunua shamba Kenyamonta, nitamjengea nyumba yenye mlango mzuri, na upande wa kushoto nitauacha wazi, hata muhogo sitapanda."

Alisema hivyo akiwa anaamini. Ubaya wa kutegesha ni huo. Mtu anaanza kuishi mahali ambapo bado hajafika.

Wathamini hawakuja mwaka huo. Mvua zilinyesha, miche ikarefuka ikiwa myembamba kama fimbo, mingine ikafa kwa kukosa nafasi. Nyumba moja ya jirani ilianguka yenyewe kwa mtikisiko, maana kila alasiri baruti hulipuliwa shimoni na ardhi hutetemeka chini ya miguu kama lori kubwa linapita. Sisi tumezoea. Mtu anayekunywa chai huinua kikombe kutoka mezani, anasubiri, anakirudisha. Mimi niliondoka, nikaenda kuchunga Kenyamonta, nikarudi. Kila niliporudi mama aliniuliza swali lile lile, ameivunja? Kana kwamba hakuwa akiishi pale na kuiona.

Alipoanza kuugua, tulikodi gari tukampeleka Tarime mjini, hospitali ya Bomani. Alilazwa. Nesi wa zamu alikuwa Mwislamu kutoka pwani ya mbali, amehamishiwa kwetu na serikali, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata mama akawa anamwomba arudie maneno, si kwa kutoelewa bali kwa kuyapenda. Asubuhi moja, nesi akimpima presha, mama alimuuliza ghafla:

"Mwanangu, kwenu mtu akifa mnamjengea?"

Nesi alinitazama kwanza, kisha akamjibu. "Hapana, mama, siyo sana. Kwetu ni udongo. Tunaweka alama ndogo, na miaka ikipita hata alama haionekani."

"Na watu wanasema nini?"

"Waseme nini, mama? Aliye chini anajua aliko."

Mama aliliona hilo kuwa jambo kubwa. Kaka alipokuja mchana na uji, hakumpa hata nafasi ya kukaa. "Muulize huyu binti," alisema. "Kuna nchi nzima ya watu wasiojengewa. Na ni watu wasafi, mtazame."

Nesi alicheka, akamwambia anyamaze apumzike. Kaka hakucheka. Alimlisha mama uji kijiko kwa kijiko, na nilimwona akitazama mikono ya mama iliyokuwa imebaki mifupa na ngozi. Nadhani alikuwa anafanya hesabu ambayo hakuipenda.

Tulimrudisha nyumbani mwenyewe alipotaka. Alifariki mwanzoni mwa kiangazi, asubuhi, mlangoni kwake kwenye jua, kuku wake wakiwa wanadonoa unga uliomwagika. Nyumba ya kushoto ilikuwa bado imesimama na namba yake.

Siku ya kikao cha mazishi watu walikaa mahali palipobaki wazi, ambapo hapakuwa pengi. Wazee wa ukoo walikaa ukutani mwa nyumba za kutegesha, kwenye kivuli chake chembamba. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nyumba zile zilimfaa mtu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo. Shangazi, dada yake baba aliyebaki, alikuwa ametoka Kenyamonta na fimbo yake.

Kaka alisimama. Alizungumza kwa adabu, macho chini. Alisema mama alikuwa na mahali pake, kila mtu anapajua, lakini pana nyumba, na nyumba ina alama. Alipendekeza mama azikwe kule mbele, karibu na barabara, penye nafasi, ajengewe vizuri. Sote tutahama, alisema. Siku ya kuhama tutamchukua yeye na baba, tukawalaze pamoja.

 Kwetu wazee wasipokubali huwa hawakatai. Wanatafuta ugoro mifukoni.

Shangazi ndiye aliyesema. "Mwanamke aliyekuzaa unataka umweke kando ya barabara, kama jiwe la mpaka?"

"Shangazi, si milele. Ni kwa muda."

"Kwa muda. Umekuwa mwenye gesti sasa? Watu wanalala kwako kwa muda?" Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Shangazi hakugeuka. "Nyumba zote hizi, mwanangu, na umekosa hata moja ya kumpa mama yako?"

Kaka alibaki amesimama. Kifua chake kilikuwa kinalia, wote tulikisikia. Mwishowe akamtazama mwenyekiti, kama mtu anayeomba ruhusa, lakini mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake. Basi kaka akaenda nyuma ya zizi, akarudi na mtaimbo.

Nilisimama kumsaidia, akanikataza kwa mkono. Pigo la kwanza lilipenya ukutani kama muhogo uliooza. Alivunja kuanzia kwenye ile namba. Ukuta ulikuwa mbovu kiasi kwamba haikuwa kazi hata ya kumtoa jasho, na hilo ndilo lililomwaibisha. Watu wote walikuwa wanaona alichokijenga kwa ng'ombe wa baba kinavyomomonyoka kwa mapigo ya mgonjwa. Vijana waliingia kuondoa bati. Kabla ya jua kufika utosini mahali pa mama palikuwa peupe.

Waliochimba kaburi walikuwa vijana wa maduara, kwa sababu huko kwetu ndio wanaojua kuchimba. Walichimba kuta zikanyooka kama zimekatwa kwa kisu. Walipofika kiunoni sururu ilikutana na jiwe jeupe, lile ambalo maduarani huashiria dhahabu. Mmoja alichukua kipande, akakilamba, akakigeuza juani. Nilimwona. Hakuwa anafanya dharau. Mkono wake ulikuwa umezoea hivyo.

"Acha, wewe," mwenzake alimwambia. "Hili si duara."

"Natazama tu."

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

Lakini alikitia mfukoni. Kaka naye alimwona, na kwa muda mfupi nikaona macho yake yakilifuata lile jiwe mpaka mfukoni, kisha yakarudi kwenye udongo.

Ibada ilikuwa katikati ya wimbo baruti ilipolipuliwa. Ardhi ilitetemeka, udongo ukamwagika kidogo kutoka ukingoni ukaangukia jeneza. Waimbaji walinyamaza, wakasubiri kama watu walioinua vikombe, halafu wakaendelea na ubeti walipouachia.

Hakujengewa. Msalaba wa mbao uliowekwa siku ile kaka aliung'oa matanga yalipoisha. Mimi nilimwona akiupeleka ndani ya nyumba ya mama, akausimamisha pembeni pa kitanda. Udongo ulipotulia aliusawazisha kwa jembe. Mvua zilipokuja akapanda kunde.

Watu walimsema. Walisema mbele yangu, wakijua mimi ni mdogo wake. Pale dukani nilisikia mwanamume mmoja akiwaambia wenzake, "Tajiri wa majumba, kaburi la mama yake halina hata mfuko mmoja wa saruji. Amepanda mboga." Mwingine akasema huenda anakula hizo kunde. Nilimpelekea kaka maneno hayo nikidhani atakasirika. Alisema tu, "Wacha waseme," na akaenda kumwaga maji ya kuku. Tangu mazishi kuku alikuwa akiwalisha yeye.

Wathamini walikuja kiangazi kilichofuata. Nilikuwepo, safari hiyo nilikaa nyumbani kuliko desturi yangu, sijui kwa nini. Aliyewaongoza alikuwa binti mmoja mdogo wa ofisi, mpole, si wa mkoa wetu, amevaa buti kubwa kuliko miguu yake. Alimwamkia kaka shikamoo na kumwita mzee. Pamoja naye vijana wawili wenye vifaa, na mwenyekiti wa kijiji, ambaye ilibidi awepo kushuhudia. Shangazi alikuwa amekuja kutusalimia. Alikaa kwenye kigoda cha mama.

Kaka aliwatembeza. Sijawahi kumwona hivyo. Alionyesha kila nyumba, kila mche, hata uliokauka aliutingisha kidogo kuonyesha kwamba mizizi bado imeshika. Alionyesha tofali zilizokuwa zizini. Alionyesha shimo alilochimba la choo ambacho hakikujengwa. Binti aliandika, wakati mwingine akatabasamu, wakati mwingine akasema, "Hii hapana, mzee." Kaka alibishana kwa kila kitu, kwa upole lakini bila kuchoka.

Tulipofika mlangoni kwa mama, binti alitazama karatasi zake.

"Hapa kwenye picha kuna nyumba."

"Ipo kwenye picha," kaka alisema.

"Ilikwenda wapi?"

"Ilianguka."

Nilisubiri aseme sasa. Nilidhani, kwa kuwa ameipoteza nyumba, atadai kilichoichukua nafasi yake. Kaburi nalo lina haki zake. Wanalipia kuhamisha, wanalipia mahali papya, na isitoshe angempeleka mama Kenyamonta akalale karibu na baba, kama alivyokuwa akitaka kaka mwenyewe tangu mwanzo. Alikuwa na maneno yote tayari, nilishayasikia mara nyingi. Na watu wangeacha kumsema.

"Na makaburi?" binti aliuliza. "Mna makaburi mangapi hapa?"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kunde. Sikuwa nimefikiri miguu yangu iko wapi.

"Sogea kidogo, mdogo wangu," kaka aliniambia, bila kunitazama. "Unamkanyagia shemeji yako mboga."

Nilisogea. Kaka akanyoosha mkono kuelekea langoni mwa zizi, kwenye vigae vyeupe.

"Moja," alisema. "Ni lile. La baba."

Binti alimgeukia mwenyekiti, kama kanuni inavyotaka. Mwenyekiti alikuwa amekaa pale pale siku ya kikao, alikula chakula cha matanga, alishika koleo akamwaga udongo. Shangazi aliacha kuchezea fimbo. Mwenyekiti alitazama kunde, akatazama kifusi kilichokuwa kimeshasimama nyuma ya mji wa jirani, kikubwa hata kimeziba jua la jioni saa yake bado.

"Moja," alisema.

Binti akaandika, akatushukuru, akaenda mji wa pili.

Nyumba nyingine zilikubaliwa na nyingine zilikataliwa. Sasa hayo hayana maana. Walihama wote, upande ule mzima. Siku ya kumhamisha baba tulivunja vile vigae, tukachimba, na kilichotoka kilitosha sanduku dogo, kama mama alivyosema. Kaka alilibeba mwenyewe mapajani ndani ya gari mpaka Kenyamonta. Amejenga huko nyumba ya kuishi, ina jiko na choo. Ana ng'ombe wachache na zizi la miiba, na kaburi la baba liko langoni, fupi kama la mtoto. Kushoto kwa mlango ameacha wazi, ingawa mkewe anapataka kwa ajili ya nyanya. Sijamuuliza panamsubiri nani.

Mara ya mwisho nilipopita kwetu sikuweza kufika. Kuna uzio, na ndani ya uzio hakuna nyumba hata moja iliyobaki katika zile zote. Nilijaribu kukisia kwa vilima vya ng'ambo ya mto, kwamba zizi lilikuwa usawa wa kile, mlango wa mama usawa wa kile. Mahali pale palikuwa ndani ya kifusi, karibu na ngazi ya chini. Lori lilikuwa linamwaga mawe juu kabisa. Niliona vumbi kwanza, sauti ikaja baadaye.

Kwa kaka, kule Kenyamonta, kilima cha nyuma ya zizi kinaonyesha upande ule. Siku moja jirani mpya, mtu wa hapo hapo, alikuja kuangalia ndama, akaliona kaburi la baba. Akauliza kwa heshima mama yetu tulimzika wapi.

"Yuko nyumbani," kaka alimjibu, akaendelea kufunga kamba ya ndama.